Majirani Hawamo Kwenye Hesabu

Katikati ya Julai 1995 jiji la Chicago, Marekani, lilipatwa na joto. Alhamisi ya tarehe 13 kipimajoto kilipanda hadi nyuzi 41, na jua lilipotua hapakuwa na nafuu, kwa sababu fukuto la mchana lilikesha na watu ndani ya vyumba. Mtu wa Lodwar, kaskazini mwa Kenya, akisikia nyuzi 41 huenda akauliza ajabu iko wapi. Ajabu ilikuwa kwenye nyumba. Ni maghorofa ya matofali yaliyojengwa na watu wanaoogopa baridi, na vyumba vya juu kabisa, chini ya paa lenye lami, vilikuwa havikaliki. Wapangaji wake wengi walikuwa wazee. Kiyoyozi hawakuwa nacho, au walikuwa nacho wakaogopa bili ya umeme. Madirisha waliyafunga kwa kuhofia vibaka. Umeme nao ukakatika kwa maelfu ya kaya.

Kufikia mwisho wa juma mochwari ya kaunti ilikuwa imejaa, na malori yenye majokofu yakaletwa kupangwa nje ili yapokee maiti zilizokosa nafasi. Daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo, Edmund Donoghue, alipotangaza idadi, Meya Richard Daley aliitilia shaka hadharani. Hesabu ya baadaye ikamkalia vibaya meya: katika juma lile moja walikufa watu 739 zaidi ya wale ambao wangekufa katika juma la kawaida la Julai.

Wengi walikutwa peke yao, nyuma ya milango iliyofungwa kwa ndani. Maiti kadhaa hazikupata wa kuzidai, zikazikwa na serikali katika kaburi la pamoja. Jiji lilikuwa na mpango wa dharura ya joto, umeandikwa na kuhifadhiwa, lakini siku zile haukutekelezwa. Kiongozi mmoja wa idara ya huduma za jamii alisema kwamba waliokufa ni watu waliojitelekeza wenyewe. Kauli hiyo ingetoka kwa muuza viyoyozi, tungeicheka tukapita. Ilitoka kwa mtu anayelipwa mshahara kuwaangalia wasioweza kujiangalia.

Na ni Chicago hiyo hiyo. Mwaka 1889 Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr walihamia katika nyumba moja kwenye Mtaa wa Halsted, katikati ya wahamiaji fukara kutoka Ulaya, wakaufungua mlango kwa majirani. Nyumba hiyo, Hull House, ni moja ya mahali ambapo kazi ya ustawi wa jamii ilianza kuwa taaluma. Addams mwenyewe alikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1931. Mwaka 1895 wakazi wa Hull House walichapisha kitabu chenye ramani za mtaa wao, nyumba kwa nyumba, rangi hii kwa taifa hili, rangi ile kwa kiwango kile cha mshahara. Walijua nani analala wapi, ametoka wapi, na kwa juma anaingiza kiasi gani. Ikapita miaka mia moja, na jiji lililowafundisha walimwengu kubisha hodi likashindwa kuwabishia hodi wazee wake kwa siku tatu za joto.

Baada ya maziko wataalamu wa afya waliwalinganisha waliokufa na majirani zao waliopona. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996, na hayakuhitaji darubini. Aliyeishi peke yake alikuwa hatarini zaidi. Kadhalika aliyelala kitandani kwa maradhi, asiyetoka nje kila siku, na aliyeishi ghorofa ya juu. Aliyekuwa na marafiki karibu au kikundi cha kuhudhuria alikuwa na kinga. Ukiacha mambo ya majengo, orodha hiyo ni orodha ya kazi za afisa ustawi wa jamii. Kila mstari ni jambo ambalo mtu wa ustawi analijua, au anapaswa kulijua, kabla kipimajoto hakijapanda.

Mwanasosholojia Eric Klinenberg, mzaliwa wa jiji hilo, alikwenda mbele zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 2002 na maandishi yaliyofuata aliuliza kwa nini mitaa miwili inayopakana, yenye watu wa asili moja na umaskini mmoja, haikufa sawa. Englewood na Auburn Gresham zote ni sehemu za Wamarekani weusi, zote zilikuwa na wazee wengi wanaoishi peke yao. Englewood ilipoteza watu 33 katika kila 100,000. Auburn Gresham ilipoteza 3, kiwango cha chini kuliko mitaa mingi ya matajiri wenye viyoyozi.

Tofauti ilikuwa barabarani. Englewood ilikuwa imekimbiwa kwa miaka mingi: viwanda vimefungwa, maduka yamefungwa, nyumba zimebomolewa na kuacha viwanja vitupu, na mzee aliyebaki hakuwa na sababu ya kutoka wala mahali pa kwenda. Auburn Gresham watu hawakuondoka. Maduka yalikuwepo, makanisa yalikuwepo, vikundi vya mtaa vilikuwepo, na njia za waenda kwa miguu zilikuwa na watu. Joto lilipokuja, watu walijua nani yuko peke yake na mlango wake ni upi, wakaenda kugonga. Hakuna aliyewatuma.

Kuna jambo moja katika mkasa huu linalostahili kutuliziwa macho. Wanawake wazee wanaoishi peke yao walikuwa wengi kuliko wanaume, ila waliokufa kwa upweke walikuwa wanaume kwa wingi zaidi. Bibi ana shoga yake, ana binti anayepiga simu, ana kwaya. Mzee mwanamume, kazi ikiisha na mke akifariki, mara nyingi hana mtu wa kumuuliza kama amekula, na akiulizwa hujibu kwamba hana shida. Afisa anayepanga kusaidia "wazee" kwa jumla, bila kuwatenga hawa wanaojibu kwamba hawana shida, atawakosa wale wale wa kwanza kufa.

Mwaka 1999 joto kali lilirudi Chicago. Safari hii jiji lilitoa onyo mapema, likafungua majengo yenye ubaridi na mabasi ya bure ya kuwapeleka watu, likapiga simu kwa wazee wanaoishi peke yao na kutuma watu wa kugonga milango yao. Walikufa watu takriban 110. Si wachache, na hawakustahili kufa. Lakini tofauti kati ya namba mbili hizo inabeba kazi ambayo haikuhitaji mtambo wowote mpya: simu, viatu, na jina la mtu.

Msomaji wa Kiswahili akifika hapa huenda akatabasamu. Mtaa wenye genge la nyanya kila kona, watu wanaoingiliana mpaka jikoni, bibi akikohoa usiku mtaa mzima unajua asubuhi: hiyo ni uswahilini. Sisi hatuzikwi na serikali. Upweke ni maradhi ya Wazungu. Nimelisikia hilo likisemwa hata na wasomi wa fani yenyewe, na ndilo linalonifanya niuhamishe mkasa huu kutoka Chicago niulete bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, kwa sababu uswahilini tunayojivunia tuliwahi kuivunja kwa mikono yetu, tena kwa nia njema.

Tarehe 9 Desemba 2011 Tanzania Bara iliadhimisha miaka 50 ya uhuru. Siku chache baadaye, kuanzia tarehe 20, Dar es Salaam ilinyeshewa mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haikuwa imeonekana tangu 1954. Mto Msimbazi, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, ulijaa ukamwagika Jangwani, Kigogo, Mchikichini na kwingine bondeni. Watu zaidi ya 40 walikufa. Maelfu walikimbilia mashuleni na kwa ndugu. Mabadiliko ya tabianchi hayakufanya kazi hiyo peke yake. Yalisaidiwa na miti iliyokatwa juu kule, taka zilizoziba mifereji, na mchanga ulioshuka ukainua kitanda cha mto. Lakini mvua za namna hiyo, za kumwaga kwa siku mbili maji ya mwezi, ndizo tunazoambiwa tuzitarajie zaidi dunia inavyozidi joto, na kweli Jangwani imefurika tena na tena tangu siku ile.

Serikali iliamua kuwaondoa waathirika bondeni. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Simo katika kundi la wanaosema maskini aachwe alipo kwa kuwa amezoea. Mtu hazoei kufa maji. Viwanja vikapimwa Mabwepande, upande wa kaskazini magharibi ya jiji, zaidi ya kilometa 30 kutoka Kariakoo. Watu wakapelekwa, wakaanzia kwenye mahema. Hapakuwa na mafuriko kule. Baada ya muda wengi wakarudi bondeni. Wengine waliuza viwanja, wengine waliviacha. Mjini watu wakasema: watu wa Jangwani hawana shukrani, wamepewa viwanja wamekula hela.

Kiongozi yule wa Chicago alisema waliokufa walijitelekeza. Sisi tulisema waliorudi wana tamaa. Ukizitazama vizuri, kauli hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja, kwa maana kila moja inamtwika mwathirika kosa la huduma iliyomkosa.

Tumfikirie mama mmoja wa bondeni. Simtaji kwa jina kwa kuwa mfano wake ni wa wengi. Amepanga chumba kimoja. Saa kumi alfajiri anakaanga maandazi, saa kumi na mbili yuko Kariakoo kwa miguu, saa nne amemaliza na anarudi na unga wa kesho. Mtoto mdogo anabaki kwa jirani, hamlipi, ila jirani akiugua yeye ndiye anayempikia uji. Duka la Mangi lina daftari, na jina lake limo. Mwezi ukiwa mbaya Mangi anaandika, mwezi ukiwa mzuri anafuta. Yumo kwenye upatu, na kijumbe wa upatu anajua kwamba zamu yake isogezwe mbele Januari, wakati wa sare za shule. Yote haya hayana hati wala mhuri. Ukipita na fomu ya tathmini utaandika: chumba kimoja, ukuta wa matofali, bati zilizoota kutu, thamani kiasi fulani.

Mpeleke Mabwepande ya mwaka 2012. Amepata udongo mkavu. Maandazi atamuuzia nani, na majirani zake wote wamo kwenye mahema, nao wanatafuta wa kumuuzia? Kariakoo sasa ni nauli ya kwenda na nauli ya kurudi, ambayo ndiyo faida yenyewe. Mtoto atabaki na nani? Jirani yake wa zamani amepelekwa mstari mwingine wa viwanja, au alikuwa mpangaji asiye na mtu wa kumsemea akabaki mjini. Duka la karibu, kama lipo, halimjui, na asiyejulikana hakopeshwi. Upatu umevunjika kwa kuwa wanachama wametawanyika. Katika hali hiyo, kurudi kwenye chumba kinachofurika mara moja au mbili kwa mwaka ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Mafuriko humtembelea kwa msimu, ilhali njaa ingekuwa mpangaji mwenzake kila siku.

Hapo ndipo penye pengo la ustawi wa jamii, na ni lile lile la Chicago. Wapima ardhi walikuwepo, mabwana afya walikuwepo, wanajeshi na Msalaba Mwekundu walifanya kazi ya kupongezwa. Swali ambalo halikuwa na mtu wa kuliuliza kwa niaba ya ofisi ni la aina hii:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Maji huwa unaletewa na nani?"

"Mtoto wa hapo jirani, yule wa darasa la tano."

"Na usiku ukizidiwa?"

"Nagonga ukuta."

Nagonga ukuta. Ndiyo huduma ya dharura ya bibi huyo, haina gari wala namba ya simu, na inafanya kazi. Ukimhamisha bibi na ukuta ukabaki, umemwokoa na maji umemweka kwenye nafasi ya mzee wa Englewood. Afisa ustawi aliyepata jibu hilo angejua la kupendekeza: bibi na mama wa mtoto wa darasa la tano wapewe viwanja vinavyogusana. Gharama yake kwa serikali ni sifuri. Ni suala la kupanga majina kwenye karatasi kabla ya kupanga vigingi kwenye ardhi.

Historia ya bonde haikuishia hapo. Desemba 2015 zilianza bomoabomoa, nyumba zikapigwa alama ya X nyekundu, na familia zilizorudi zikatawanyika tena, mara hii bila hata hema. Wakati huo huo karakana ya mabasi ya mwendokasi ilikuwa imejengwa Jangwani hapo hapo, na mvua zilipokuja mabasi nayo yakazama. Sijui mkazi wa bonde alitegemewa kuelewa nini alipoambiwa kwamba eneo halifai kwa makazi huku akiona zege likimwagwa kwa mabilioni. Pengine kwamba mto unachagua.

Mwaka 2022 ukaja mradi mkubwa wa kuendeleza bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia: kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, kuligeuza bonde kuwa bustani ya jiji. Safari hii watu walilipwa fidia kabla ya nyumba kubomolewa, na hilo ni hatua kubwa kutoka siku za X. Ila fidia huingia kwenye akaunti ya mtu mmoja mmoja. Mtaa hauna akaunti. Mwenye nyumba akipokea chake anakwenda Chanika, mwenzake anakwenda Kibaha, mpangaji anatafuta chumba kingine bondeni mwa mto mwingine, na kile kilichowafanya wasizikwe na serikali kinapotea bila kuandikwa popote kwamba kilipotea.

Tanzania haina upungufu wa wazo la ustawi wa jamii. Chuo cha Ustawi wa Jamii cha Kijitonyama, Dar es Salaam, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na kimetoa vizazi vya maafisa. Tatizo ni mahali tulipowaweka. Afisa ustawi tunamjua kwenye migogoro ya ndoa na matunzo ya watoto, kwenye msamaha wa gharama hospitalini, na kwa watoto wa mitaani. Katika maafa anaitwa mwishoni, maji yakishapungua, kufanya unasihi kambini. Desemba 2023 matope yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80, unasihi ulihitajika sana, na hakuna wa kuubeza. Lakini miezi kadhaa kabla, Agosti, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza kwamba mvua za vuli za mwaka huo zingekuwa kubwa kwa sababu ya El Niño. Hakuna mtabiri ambaye angetaja siku wala mlima. Ila tangazo la mvua lilipotoka, kila halmashauri ilikuwa na muda wa kujiuliza nani hawezi kukimbia.

Na majina hayo hayako mbali. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF ulipata kaya zake kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe kwenye mikutano. Mjumbe anajua nyumba zake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anajua nani ana shinikizo la damu, nani ana mimba ya miezi minane, nani anameza dawa ambazo hazipaswi kukosekana hata siku moja. Imamu anajua mzee gani hakuonekana sala ya alfajiri, na mchungaji anamjua mjane wake. Kijumbe wa upatu anajua kuliko wote, maana fedha haidanganyi. Kamati za maafa nazo zipo kisheria mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye kazi ya kuwakalisha hawa pamoja mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, na kutoka na daftari moja. Mtu huyo ni afisa ustawi, na kazi hiyo iandikwe kwenye majukumu yake rasmi, ipangiwe nauli na posho, isiachwe kuwa hisani.

Kaskazini mwa Kenya wamefanya sehemu ya jambo hili, na kwa upande wa ukame. Katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, mpango wa fedha za kukabiliana na njaa uliandikisha karibu kaya zote mapema na kuzifungulia akaunti, hata zile ambazo kwa kawaida hazilipwi. Picha za setilaiti zikionyesha malisho yamekauka kupita kiasi fulani, malipo yanaongezwa kwa kaya nyingine zilizomo kwenye orodha. Ulipo ujanja ni hapo: orodha ilitangulia ukame. Mfugaji akipata fedha kabla hajauza mbuzi wake wa mwisho kwa bei ya kutupa, ukame ukiisha bado ni mfugaji. Akipata baadaye, ni ombaomba aliyesaidiwa. Ufaransa nayo, baada ya joto la Agosti 2003 kuua watu wapatao 15,000, ilitunga sheria mwaka 2004 inayomtaka kila meya kutunza daftari la wazee na walemavu wanaotaka kutembelewa joto likizidi.

Daftari, hata hivyo, si kitu kitakatifu. Bondeni wamewahi kuona watu wakija na karatasi, na baada ya karatasi ikaja X. Mama mwenye mtoto mlemavu ndani anaweza kumficha asiandikwe, kwa kuogopa kwamba kuandikwa ni mwanzo wa kuondolewa. Wapo pia wanaopenda madaftari ya maskini wakati wa kampeni. Kwa hiyo anayekuja kuandika lazima awe yule yule atakayerudi, na arudi wakati hakuna mvua, kuuliza hali tu. Chicago ya 1895 walilijua hilo: waliochora ramani walikuwa wakilala mtaani humo, wakinunua mkate duka moja na waliochorwa. Afisa anayefika na gari la mradi, fulana zenye nembo na semina ya nusu siku kuhusu tabianchi, ataondoka na saini za mahudhurio na soda zitakuwa zimeisha, lakini hatakuwa amejua nani anagonga ukuta.

Nalisema hili kwa maafisa kwa sababu naona taaluma yao inavyovutwa kwenye lugha kubwa. Siku hizi mkutano wa ustawi wa jamii hauishi bila kutajwa ustahimilivu, haki ya tabianchi na mikataba ya kimataifa. Ni mazungumzo yanayofaa. Anayechafua hewa alipe, na fedha za fidia za mataifa makubwa zidaiwe kwa sauti. Lakini hakuna mtu mwingine serikalini ambaye kazi yake ni kujua mlango. Mhandisi atajenga daraja, mchumi atadai fedha, mtabiri atatoa onyo. Afisa ustawi akiacha mlango akaenda kwenye jukwaa, mlango unabaki bila mtu, na kwenye mlango huo ndiko walikokufa watu 739.

Basi kwa watendaji wa mitaa na kata, na kwa maafisa ustawi wa halmashauri zote zenye mto, bonde au mlima: utabiri wa masika hutangazwa majuma kadhaa kabla ya mvua kuanza, na muda huo unatosha kwa kikao kimoja na mzunguko mmoja wa kubisha hodi. Kwa wanaosimamia uhamisho wowote, wa Msimbazi au kwingine: kwenye fomu zenu ongezeni swali la nani anamtegemea nani, na mpange viwanja kwa kufuata majibu. Na wewe msomaji, kama umesoma mpaka hapa na kuna jina limekujia kichwani, la mzee wa chumba cha nyuma au dada anayeuguza mtoto asiyetembea, lipeleke kwa mjumbe wako juma hili, pamoja na jina la mtu atakayekwenda kumtoa.